Kupikia majirani 200 wakati wa mafuriko: mwongozo kwa jiko la kanisa

Masika yakikolea na Mto Msimbazi wa Dar es Salaam ukapanda, familia za Jangwani, Suna, Hananasif, Kigogo na Vingunguti mara nyingi hupoteza jiko kabla hazijapoteza nyumba. Ukuta umesimama na paa lipo, lakini mkaa umelowa, mtungi wa gesi umesombwa na unga umegeuka tope. Kanisa lililo sehemu ya juu lina ukumbi, masufuria ya harusi na akina mama waliozoea kulisha mamia kila sikukuu. Vifaa vipo na mikono ipo. Majiko mengi ya kujitolea huangushwa na mambo mawili: kupika bila idadi na kupika bila saa.

Vipimo vilivyomo humu ni vya watu 200, mlo mmoja wa moto kwa siku. Mkiwa na watu 100, gawanyeni kwa mbili. Wakizidi 300, fungueni jiko la pili upande wa pili wa mtaa badala ya kutafuta sufuria kubwa zaidi, kwa sababu sufuria ya wali ikizidi kimo hamuwezi kuitawala tena.

Idadi kabla ya moto

Kabla ya kununua hata kiberiti, watu wawili waende kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Yeye na wajumbe wa mashina ndio wanaojua nani amehamia kwa shemeji yake Mbagala, nani analala darasani na nani amebaki kulinda vitu vyake ndani ya maji. Kwake pia ndiko mtakakojua kama kuna wengine wanaopika eneo hilo: Msalaba Mwekundu, msikiti, au kanisa jingine. Msikiti wa jirani ukilisha jioni, ninyi lisheni mchana. Majiko mawili yakipakua saa ileile, nusu ya chakula itaishia kwenye ndoo ya taka, na usiku watu watalala na njaa.

Andikisheni kwa kaya. Daftari liwe na jina la mkuu wa kaya, idadi ya watu wazima, idadi ya watoto walio chini ya miaka 5, mjamzito au anayenyonyesha, mgonjwa asiyeweza kutembea, na shina analotoka. Hayo yanatosha. Safu ya dini au dhehebu isiwepo, na orodha ya waumini isiwe ndiyo orodha ya kula. Kanuni za maadili ambazo Msalaba Mwekundu na mashirika mengine ya misaada walikubaliana mwaka 1994 zinasema wazi kwamba msaada hautumiki kuendeleza msimamo wa dini. Wapishi wakitaka kuomba, waombe wenyewe asubuhi kabla ya kuwasha jiko. Foleni ya wenye njaa isigeuzwe mkutano wa injili.

Kila kaya ipewe kadi ya boksi yenye namba na mhuri. Mtu mmoja anakuja na kadi na chombo, anachukua cha watu wote wa nyumbani kwake, na foleni ya watu 200 inakuwa ya watu 45. Bila kadi, mtoto mmoja atapanga foleni mara tatu na bibi kizee wa nyumba ya mwisho hatapata kitu.

Pikeni kwa idadi ya daftari mkiongeza asilimia 10, yaani sahani 220 kwa watu 200. Daima kuna wageni waliofika usiku, na wapishi wenyewe nao hula.

Siku ya kwanza msipike maharage

Watu wamekesha wakiokoa vitu, ninyi hamjaloweka chochote, na mkianza maharage makavu saa tatu asubuhi yataiva alasiri. Siku hiyo toeni vinavyoenda haraka: chai na mkate, mayai ya kuchemsha, uji, ndizi mbivu. Chai ya watu 200 ni lita 60 za maji, sukari kilo 4 na majani gramu 300. Mikate 50 ya kawaida inatosha vipande vinne kwa kila mtu. Mkitaka mlo wa moto siku hiyo hiyo, tumieni choroko: hazihitaji kulowekwa na huiva kwa muda wa saa moja hivi.

Uji kwa watoto na wagonjwa: kilo 1 ya unga kwa lita 10 za maji hutoa vikombe 25 vikubwa vya mililita 400 hivi. Unga ukorogwe kwanza kwa maji baridi kwenye beseni, ndipo umiminwe kwenye maji yanayochemka huku mtu akikoroga bila kuacha. Ukimwagwa mkavu ndani ya sufuria ya lita 40, mabonge hayatatoka tena.

Kuanzia siku ya pili nendeni kwenye wali na maharage, na mbaki hapo. Kamati nyingi huona aibu kurudia chakula kilekile, zikaanza na pilau ya nyama, na siku ya nne hela imeisha. Aliyefurikiwa anataka kujua kwamba kesho saa saba chakula kipo. Mbadilishie mboga ya pembeni: leo mchicha, kesho kabichi, keshokutwa kachumbari iliyooshwa kwa maji yaliyotibiwa. Jumapili ongezeni dagaa kama fedha ipo.

Vipimo vya wali na maharage, watu 200:

- mchele kilo 30
- maharage makavu kilo 15
- mafuta ya kula lita 5 (3 za wali, 2 za maharage)
- vitunguu maji kilo 5, nyanya kilo 8, karoti kilo 2
- chumvi gramu 700, ianze kwa nusu yake kisha ionjwe
- mchicha mafungu kwa bei ya siku, au kabichi kubwa 12

Wali hapo ni karibu gramu 340 zilizoiva kwa kila moja ya zile sahani 220, sahani ya mtu mzima anayefanya kazi ya kuzoa tope. Nazi ni tamu, lakini wali na maharage ya nazi huchacha upesi kwenye joto la Dar. Chakula kikitoka jikoni na kwenda mbali, acheni nazi.

Mkiona ni nafuu kupika ugali, hesabuni kilo 1 ya unga kwa watu watano, yaani kilo 40. Kabla ya kuamua, jiulizeni nani atasonga ugali wa kilo 10 kwenye sufuria moja. Mikono yenye nguvu hiyo ni michache, na ugali ulioachwa katikati ukiwa mbichi huumiza tumbo. Wali unasamehe zaidi.

Majirani Waislamu, Wasabato na wengine

Katika mitaa hii nusu ya foleni au zaidi inaweza kuwa Waislamu, na hapo ndipo majiko ya kanisa hukosea bila kujua. Nyama au kuku wowote achinjwe na Mwislamu, na mchinjaji awe mtu anayejulikana mtaani ili wengine wasiwe na shaka. Lililo gumu zaidi ni masufuria. Kama sufuria za ukumbi zimewahi kupikiwa kitimoto (nyama ya nguruwe), wapo watakaokaa na njaa kimyakimya kuliko kula kilichotoka humo, na hawatawaambia. Azimeni sufuria za harusi kwa majirani Waislamu, na muwe na mpishi mmoja au wawili Waislamu jikoni. Hilo linajibu swali kabla halijaulizwa. Wasabato pia hawali nguruwe, wala samaki wasio na magamba kama kambale. Maharage hayana ubishi kwa yeyote.

Masika huweza kukutana na Ramadhani, kama ilivyokuwa mwaka 2024. Hapo jiko ligawanywe: mlo wa mchana kwa watoto, wagonjwa na wasiofunga, na futari iwe tayari kabla ya magharibi. Futari ya uji, tambi, viazi au magimbi ihesabiwe upya kwenye daftari. Msipeleke sahani ya mchana kwa aliyefunga mkimwambia aiweke mpaka jioni. Sababu yake iko hapo chini.

Maji na moto

Kwa mlo huu mmoja hesabuni lita 500 za maji: lita 45 za wali, kama 60 za maharage, zinazobaki ni za kuosha vyakula, vyombo na mikono. Baada ya mafuriko yahesabuni maji yote kuwa machafu, hata ya bomba, kwa sababu mabomba yaliyopasuka huvuta maji ya vyoo. Maji ya kupikia yatachemka kwenye sufuria, hayo hayana wasiwasi. Ya kunywa, ya kachumbari na ya suuza ya mwisho ndiyo ya kutibu. Kidonge cha klorini cha miligramu 67 hutosha lita 20 za maji yasiyo na tope. Subirini dakika 30 kabla ya kutumia. Yenye tope yatulie kwanza, yachujwe kwa kitambaa safi kilichokunjwa, kisha yawekewe vidonge viwili. Vidonge vipo vya ukubwa mbalimbali, kwa hiyo soma karatasi yake kwanza.

Ndoo za koki za kunawia ziwe mbili kwenye foleni na moja jikoni, kila moja na sabuni iliyofungwa kwa kamba, maana sabuni isiyofungwa haimalizi saa moja.

Gesi ndiyo bora ikipatikana: majiko matatu ya moto mkubwa na mitungi ya kilo 15. Mtungi mdogo wa kilo 6 hauwezi kulisha jiko kubwa. Unapoa, unatoa jasho, moto unashuka, na wali unabaki nusu mbichi huku gesi bado imo ndani. Mtungi wa akiba uwepo kabla ya kuanza. Mkitumia mkaa au kuni, kazi ifanyike nje chini ya turubai lililoinuliwa juu kuliko kichwa. Mkaa ukiwashwa ndani ya ukumbi uliofungwa kwa sababu ya mvua hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua. Mkaa wenyewe ukae juu ya mbao, mbali na sakafu.

Kutoka jioni hadi saa saba mchana

Jioni iliyotangulia, saa mbili usiku, maharage yachambuliwe na kulowekwa kwenye maji mara tatu ya ujazo wake. Yagawanyeni kwenye ndoo kadhaa zisizojaa, kwa sababu yatavimba zaidi ya mara mbili. Yasizidi saa 12 ndani ya maji. Kwa joto letu huanza kutoa povu na kunuka uchachu. Mchele nao uchambuliwe usiku huohuo, mkiwa na taa na mazungumzo, kwani asubuhi hakuna mwenye muda wa kutafuta mawe.

Saa mbili asubuhi: mwageni maji ya kulowekea, wekeni mapya, maharage yapande motoni. Yachemke kwa nguvu, yakirukaruka, walau dakika 10, ndipo mpunguze moto. Maharage hasa mekundu yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko mkali tu. Yakipikwa kwa moto mdogo wa kuvukuta tangu mwanzo yanaweza kulainika na bado yakatapisha watu saa chache baadaye. Nyanya zisiguse sufuria mpaka maharage yameiva, kwani ukali wake huyafanya yagome kulainika. Punje kumi kutoka sehemu mbalimbali zikipondeka kwa vidole bila kiini kigumu, yameiva. Kaangeni vitunguu na nyanya pembeni, mchanganye, myaache yachemke tena robo saa.

Saa nne na nusu: maji ya wali. Tumieni sufuria mbili za lita 60 au zaidi, kila moja kilo 15 za mchele, lita 22 za maji, mafuta lita moja na nusu. Mchele mpya wa msimu hunywa maji kidogo, kwa hiyo anzeni na lita 20 na muwe na birika la maji ya moto pembeni. Maji yachemke kwanza, mchele uingie, mgeuze mara moja kutoka chini kwa mwiko mrefu, na maji yakikaribia kukauka punguzeni moto sana. Funikeni, palieni makaa juu ya mfuniko, muuache nusu saa. Wanaopika kwa gesi watandike karatasi ya foili au majani ya mgomba chini ya mfuniko, na uzito juu yake. Wali wa sufuria kubwa huharibika kwa namna ileile kila siku: chini umeungua, juu mbichi. Chanzo ni moto mkali baada ya maji kukauka, na mpishi mwenye haraka anayegeuzageuza mpaka punje zinakatika na kuwa bokoboko. Ukiungua, msikwangue. Hamisheni wa juu kwenda sufuria nyingine, ukoko mbaki nao.

Saa sita wali uko tayari, saa sita na nusu mnaanza kupakua, saa saba na nusu mnamaliza. Mkianza saa tisa, nusu ya kaya zitakuwa zimetafuta kwingine.

Watu 14 wanatosha: wawili moto, wanne kuandaa, wawili maji, watatu kupakua, wawili daftari, mmoja stoo. Zaidi ya hapo wanagongana. Wanaobaki wapangwe kesho, kwa sababu wiki ya pili ndiyo watu huchoka.

Kupakua

Chukueni bakuli moja na upawa mmoja, mpime kwenye mzani wa stoo mpaka mpate gramu 340 za wali na gramu 200 za maharage na mchuzi wake, kisha vipimo hivyo visibadilishwe na yeyote. Mkono wa mwanzo huwa na huruma kubwa, na mtu wa 150 hukuta sufuria tupu. Baada ya sahani 55 simameni mwangalie: robo ya chakula ndiyo iwe imeondoka. Ikiwa imeondoka nusu, rekebisheni hapo hapo.

Mtoto wa chini ya miaka 5 anapata nusu kipimo. Mjamzito na anayenyonyesha anaongezewa upawa. Wazee na wagonjwa wapelekewe kabla ya foleni kuanza, kwa bodaboda au bajaji, kwenye hotpoti au ndoo safi yenye mfuniko iliyofungwa kwa khanga nene. Wapelekaji wawe wawili wawili, hasa wakiingia ndani ya nyumba za watu.

Wengi watakuwa wamepoteza vyombo. Tafuteni vibakuli vya foili au sahani za kurudisha. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu 1 Juni 2019, na chakula cha moto hakifai kuingizwa humo hata hivyo. Na simu za picha zikae mifukoni wakati wa kupakua. Wafadhili wapigiwe picha masufuria na stoo. Baba wa watu aliyenyoosha bakuli asipigwe.

Chakula kinapogeuka sumu

Kilichoiva kikae moto, zaidi ya nyuzi 60, au kiliwe ndani ya saa mbili. Bila kipimajoto, angalieni mvuke: ukifunua na hakuna mvuke unaopanda, saa imeanza kuhesabika. Wali ndio unaodanganya zaidi. Una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa; wali ukikaa vuguvugu huzaana na kutoa sumu, na kupasha moto hakuiondoi. Kwa hiyo wali wa jana haupashwi, na aliyefunga hawekewi sahani ya mchana. Andikeni kwenye kadi: kula kabla ya saa nane na nusu.

Kataeni unga uliolowa hata kama umeanikwa ukakauka, na mahindi au karanga zenye ukungu. Sumukuvu haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mfadhili atanuna, mwache anune.

Mpishi anayeharisha au kutapika akae nyumbani mpaka zipite saa 48 tangu alipoacha. Mtu kwenye foleni akiharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, apewe maji ya chumvichumvi ya ORS huku anapelekwa kituo cha afya bila kusubiri. Namba ya bure ya Wizara ya Afya ni 199.

Watoto wachanga wana hatari yao. Msigawe maziwa ya kopo wala chupa za kunyonyeshea, hata mkiletewa maboksi bure. Yakichanganywa na maji ya mafuriko huleta kuhara, na mama aliyekuwa ananyonyesha hupungukiwa maziwa. Mpeni mama chakula cha ziada, maji na kona tulivu ya kukaa. Mtoto asiye na mama apelekwe kwa mhudumu wa afya.

Stoo, fedha na kufunga jiko

Mwenye funguo za stoo asiwe anayeshika fedha. Michango ipite namba moja ya simu iliyosajiliwa kwa jina la kanisa, na kila jioni watu watatu wasaini daftari: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Nguo zikianza kuletwa, ziwe na chumba chake, vinginevyo zitameza stoo ya chakula.

Tangazeni siku ya kufunga jiko tangu mwanzo, kwa mfano siku 10, mpitie daftari siku ya saba. Kaya iliyorudi nyumbani na ina pa kuwashia moto iondoke kwenye mlo wa kupikwa, ipewe chakula kikavu. Kwa watu watano kwa wiki moja: mchele au unga kilo 14, maharage kilo 2, mafuta lita 1, chumvi robo kilo. Ongezeni sufuria moja, mwiko na mkaa au fedha ya kujaza gesi, la sivyo kesho mtaukuta mchele huo unauzwa gengeni, na mwenye kuuuza hana kosa. Kaya ambazo bado ziko kwenye maji zinabaki na jiko, na hata zikiwa 30 pikeni kwa sufuria ndogo, saa ileile.